Niigizie Anavyolala

Siku ile katika chumba cha vipimo tulikuwa watu sita. Alikuwepo Daktari Mosha, amekaa juu ya kitanda cha wagonjwa kwa sababu viti havikutosha. Alikuwepo Sista Hilda, muuguzi mkuu wa kliniki yetu ya presha, amesimama mlangoni ili asiingie mtu. Alikuwepo Kihwele, dereva wa basi la wafanyakazi wa ofisi za serikali kule Mtumba, ambaye tulimpa kiti chenye mikono. Pembeni yake mkewe, Mama Upendo, mkoba juu ya magoti. Alikuwepo Bwana Salehe, msimamizi wa yadi ya mabasi, ambaye ndiye aliyemleta Kihwele na ambaye alitaka kuondoka na jibu moja: dereva huyu aendelee kushika usukani au ashuke. Na mimi, Esta, mhudumu wa afya, utepe shingoni kama fundi cherehani.

Ninyi vijana mnaobaki kwenye chumba kile mmeniomba niandike kazi ilivyokuwa. Kila nikijaribu kuanza mwanzo kabisa, najikuta nimeanzia siku hiyo. Basi nimeianza, sasa nirudi nyuma.

Mimi ni Mgogo wa Nzuguni, ile ya zamani, ilipokuwa mashamba ya uwele na mtama kabla ya viwanja kupimwa. Wazazi wetu wote wawili walitangulia nikiwa darasa la sita. Nyuma yangu walikuwepo wadogo zangu wanne, na wa mwisho, Yona, alikuwa bado anabebwa mgongoni. Niliacha shule. Watu wakifika hapo kwenye habari zangu hupenda kunihurumia, lakini hakuna haja. Shuleni wanafunzi walikuwepo wengi, wa kumpikia Yona uji nilikuwepo mimi peke yangu.

Hospitalini niliingia kama mfagiaji. Siku ya kwanza Sista Hilda, wakati huo msichana mwenye kofia nyeupe iliyokazwa kwa pini, alinikabidhi ndoo na kuniambia nisimwage maji ya kudekia mahali wagonjwa wanapopanga foleni. Nikamwaga hapo hapo. Hakunigombeza. Alichukua dekio akakausha mwenyewe, akanirudishia ndoo, na tangu hapo nilifanya kazi chini yake mpaka alipostaafu kabla yangu. Kila ninachokijua kuhusu mgonjwa kukaa kwenye kiti nilikipata kwake.

Alinifundisha kupima presha baada ya kuniona nikimshika mkono bibi mmoja apande kwenye mizani. Mafunzo rasmi ya mhudumu yalikuja baadaye, ila mengi yalikuwa yale yale aliyokwisha kuniambia: mgonjwa akae kwanza, miguu ikanyage chini, isipishane, asiongee. Mtu aliyetoka kubishana na bajaji hana presha, ana hasira. Mpe muda, kisha mfunge kitambaa cha mashine kwenye mkono mtupu, usipitishe juu ya sweta kwa sababu ya uvivu wa kumsubiri avue. Nimeona wataalamu wakipima juu ya koti. Waliipima presha ya koti.

Tulikuwa na wagonjwa ambao presha zao zilikataa dawa. Wanakunywa kama walivyoagizwa, wanapunguza chumvi, wanarudi mwezi unaofuata na namba ile ile. Wengine walikuwa wanasinzia kwenye benchi saa tatu asubuhi, kidevu kifuani. Sisi tulidhani wametoka mbali, na kweli wengi walitoka mbali, lakini hata wa Area D, hapa hapa mjini, walisinzia.

Daktari Mosha alipohamia kwetu ndiye aliyetuambia tuwatazame hao wa kusinzia. Alitukusanya baada ya kliniki na kutueleza kuhusu pumzi kukatika usingizini. Mtu akilala, nyama za koo hulegea. Kwa wengine hulegea mpaka njia ya hewa inazibika. Kifua kinavuta, hewa haipiti, mpaka mwili unashtuka na kuivuta kwa nguvu, kisha analala tena bila hata kujua kwamba alishtuka. Hivyo hivyo mpaka kunakucha. Anaamka kichwa kinauma, mdomo mkavu, na siku nzima amechoka kama aliyelima. Moyo nao unapata tabu, na presha inapanda.

Alisema kuna maabara za kumlaza mtu na kumfunga nyaya, ila sisi hatuna. Tulichonacho ni utepe, tochi, kifaa kidogo cha kubana kidoleni kinachoonyesha oksijeni, na mdomo wa kuuliza maswali. Kazi yetu haikuwa kusema nani anaumwa. Kazi yetu ilikuwa kuchuja: nani aende mbele haraka, hospitali kubwa, nani asubiri, nani arudi nyumbani bila wasiwasi. Naomba msisahau hilo. Nimeona mhudumu akimwambia mgonjwa kwamba ana ugonjwa kwa sababu tu shingo yake nene. Shingo nene ni shingo nene.

Utepe hupita chini kidogo ya kikoromeo, umelala sawasawa, haukazi wala haulegei. Ukizidi sentimita arobaini, unaweka alama moja. Kisha mdomo: mgonjwa akae wima, afungue kabisa, atoe ulimi, na asitoe sauti. Hapo ndipo wengi mnakosea. Mkimwambia aseme "aaa", kaakaa linapanda na mtaona nafasi ambayo haipo. Mulika tochi. Kama kidaka tonge kinaonekana kinaning'inia, vizuri. Kama unaona ulimi tu na giza, alama nyingine. Halafu umri, uzito, presha, jinsia, uchovu wa mchana.

Kwa uchovu wa mchana Daktari alikuwa na maswali ya kusinzia: je, ukikaa kusoma unasinzia, ukitazama televisheni, ukiwa abiria, ukikaa kimya baada ya chakula. Sista Hilda alipendekeza tuongeze swali la kusinzia wakati wa mahubiri. Tukaliweka, na kwa muda mfupi karibu kila mtu Dodoma alistahili rufaa, pamoja na mzee mmoja wa kanisa na mimi. Tukaliondoa.

Maswali yaliyotushinda yalikuwa mawili, na ndiyo yaliyobeba uzito wote. La kwanza: unakoroma? La pili: kuna mtu amekuona pumzi zinakatika?

Mwenyewe hajui, amelala. Wa kujua ni anayelala naye. Na huko kwetu, mke atamsemaje mumewe usingizi wake mbele ya watu, naye mwenyewe amekaa pale? Wengine waliona ni aibu. Wengine waliona ni sifa. Mama mmoja wa Kongwa alituambia kwa fahari kwamba mumewe akilala jirani wote wanajua mwenye nyumba yupo. Lakini lile swali la pumzi kukatika lilijibiwa "hapana" na karibu kila mtu, na Daktari alikuwa anazungusha kalamu yake tu. Hakuwaona ni waongo, na mimi pia sikuwaona hivyo.

Aliyetufungua macho alikuwa mwanamke wa Chemba. Alikuja na mumewe, mkulima, na jirani yao mmoja wa kuwatafsiria, kwa sababu yeye alijua lugha yao tu, ile ambayo ulimi hugonga kaakaa katikati ya maneno. Daktari aliuliza, jirani akatafsiri, mama akasikiliza, kisha akaona maneno yanachelewesha. Akalaza shavu kwenye kiganja, akafumba macho, akakoroma. Alikoroma vizuri mno. Watu wa kwenye benchi la nje walicheka, na sisi tulicheka. Halafu akanyamaza. Tukangoja. Kicheko kikaisha na yeye bado amenyamaza, kifua kinapanda na kushuka lakini hakuna sauti, mpaka mabega yakaruka na akavuta hewa kama mtu aliyetolewa kisimani. Kisha akaendelea kukoroma kana kwamba hakuna kilichotokea.

Mumewe aliinamisha kichwa, akauliza jambo. Jirani akatutafsiria, "Anauliza, ni mimi huyo?"

Mama akafumbua macho, akatikisa kichwa kukubali.

Baada ya hapo Daktari alimuuliza kupitia kwa jirani: yale mapumziko, anapomsikia amenyamaza, yeye hufanya nini? Jibu lake nimelisikia kwa wanawake wengi tangu siku hiyo, kwa Kigogo, kwa Kirangi, kwa Kiswahili cha ofisini. Alisema: akinyamaza namshukuru Mungu, ndipo na mimi napata usingizi.

Hapo ndipo tulipoelewa kwa nini walikuwa wanajibu "hapana". Sisi tuliuliza kuhusu balaa, na kwao kile kimya kilikuwa nafuu. Mwanamke aliyechoka na kelele hawezi kukiita kimya ugonjwa. Daktari aliacha kuuliza, "Umemwona pumzi zinakatika?" Akaanza kusema, "Mama, niigizie anavyolala."

Lakini si kila mtu ni kama yule wa Chemba. Wengi waliona haya zaidi kuigiza kuliko kusema. Daktari alijaribu kuwaonyesha mfano. Ni daktari mzuri sana, ila kukoroma kwake kulikuwa kama mtu anayesafisha koo kabla ya kuhutubia. Siku moja nikajaribu mimi, nikakosea, na mke wa mgonjwa akanisahihisha bila kutaka: "Si hivyo, yeye huanza chini." Nikajaribu tena, akanisahihisha tena. Sista Hilda alinitazama, nami nikamtazama. Tulikuwa tumepata njia. Mtu atakaa kimya kuhusu mume wake, lakini hawezi kuvumilia kumwona akiigizwa vibaya. Basi hiyo ikawa kazi yangu: kukoroma vibaya, kwa makusudi, mpaka nisahihishwe. Sijawahi kuiona imeandikwa kwenye majukumu ya mhudumu.

Sasa nirudi kwa Kihwele.

Yeye ni Mhehe, na Wagogo na Wahehe ni watani. Babu zetu walituachia ruhusa ya kutukanana hata msibani, na mtani hakasirikiwi. Alipoingia chumbani, ingawa mimi ni mkubwa kwake, hakunipa shikamoo. Alisema, "Mgogo haamkiwi, anapewa," kwa kuwa watani wetu hutuita ombaomba.

Nikamjibu, "Na Mhehe haulizwi amekula nini. Mbwa wa jirani wakipungua tunajua."

Akacheka, lakini macho hayakucheka. Bwana Salehe alieleza kilichowaleta. Asubuhi ile Kihwele alikuwa ameshashusha wafanyakazi wote kule Mtumba, akawa anasubiri afunguliwe kizuizi cha maegesho. Mguu ukalegea kwenye breki. Basi likasogea taratibu, tupu, mpaka likaegemea nguzo ya geti na kuikunja. Mlinzi alipomgongea dirisha alimkuta amelala, mikono bado kwenye usukani. Kihwele alisema ilikuwa vumbi, alifumba macho kwa ajili ya upepo. Bwana Salehe alisema kwa upole kwamba vioo vilikuwa vimefungwa.

Nilipima shingo, ikapita arobaini. Nilimulika mdomo, sikuona kidaka tonge. Presha ilikuwa juu. Yote hayo yalikuwa dalili tu, na Kihwele alijua. Alikaa kwenye kiti chenye mikono kama mtu anayengoja kuona nani atamgusa. Bila usukani yeye angekuwa nani pale yadini? Na Mama Upendo alijua kwamba neno lake ndilo lililobaki. Akisema mumewe anakatika pumzi, anamshusha kwenye basi kwa mdomo wake mwenyewe, mbele ya bosi wake. Asiposema, kesho asubuhi basi litajaa makarani.

Sista Hilda alimwomba Bwana Salehe atoke nje kidogo. Kihwele akakataa. Alisema abaki, akitoka atadhani tumepanga.

Daktari akauliza. Mama Upendo akaangalia mkoba wake, akasema, "Analala vizuri tu, Daktari."

Nikasema basi mimi nitawaonyesha Mhehe anavyolala. Nikalaza kichwa kwenye mkono, nikakoroma mfululizo kama mashine ya kusaga. Kihwele akasema huyo si Mhehe, huyo ni Mgogo aliyeshiba, na Mgogo wa hivyo yeye hajawahi kumwona. Hata Bwana Salehe akacheka. Nikaendelea, mfululizo, bila kupumzika, vibaya kadiri nilivyoweza.

"Hapana, dada," Mama Upendo akasema. "Haendi mfululizo hivyo."

Akaweka mkono mdomoni. Hakuna aliyemhimiza. Sista Hilda mlangoni alikuwa anaangalia dirishani, na hiyo nayo ni kazi, kujua wakati wa kuangalia dirishani.

Mama Upendo akautoa mkono. "Anakoroma, anakoroma, halafu anaacha. Anaacha kabisa. Mimi nangoja. Nikiona imezidi nampiga kiwiko hapa." Akajigusa ubavuni.

Kihwele akamgeukia. "Kumbe ni wewe? Mimi nilidhani ni kitanda."

"Ni mimi."

"Fundi nimemwita mara mbili kwa kile kitanda."

"Najua. Nilimpikia chai."

Tukacheka sote, na yeye akacheka mpaka akafuta macho. Kicheko kilipoisha Mama Upendo hakuwa anacheka tena. Alisema, "Baba Upendo, afadhali nikuone umekaa yadini bure, mzima."

Daktari akasema lililokuwa la kusemwa. Asishike usukani mpaka apimwe hospitali kubwa na apate tiba. Si adhabu, na si milele. Ikitibiwa mtu huendesha kama kawaida. Bwana Salehe akasema atamweka kwenye kukagua matairi na maji ya mabasi, na kiti chake kitamsubiri. Kihwele alisikiliza yote. Kisha akaniangalia mimi, si Daktari.

"Nitashuka, mtani. Lakini sishuki peke yangu. Nikishuka peke yangu, kesho yadi nzima nitakuwa Mhehe aliyelala getini, mpaka naingia kaburini. Uje uwapime wote."

"Nitawapima."

"Wote. Wewe mwenyewe, kwa mdomo wako, kama ulivyonifanyia mimi na mke wangu."

"Wote."

"Hata Wagogo wenzako?"

Nikasema hata Wagogo wenzangu. Akawageukia waliokuwepo mmoja mmoja, Daktari, Sista, mkewe, Salehe, akawauliza kama wamesikia. Wakasema wamesikia. Akasema basi amenikopesha usukani wake, na atanidai. Nyuma ya utani ule alikuwa anasema kweli. Mtani akikudai mbele ya mashahidi huna pa kujificha, hata ukifa atakuja kudai kwenye matanga.

Walipotoka, Sista Hilda aliniuliza nimeahidi madereva wangapi. Nilisema sijui. Akasema ilikuwa vizuri kuuliza kwanza, kisha akaenda kutafuta ruhusa ya kutoka.

Nilikuwa nimefikiri tutawaita na wake zao, jambo ambalo lingechukua mwaka. Kihwele ndiye aliyetuonyesha njia. Mabasi ya wafanyakazi hupeleka watu Mtumba asubuhi na kungoja mpaka jioni. Katikati hapo madereva hutandika mikeka kwenye kivuli cha mabasi yao na kulala mchana, ubavu kwa ubavu, siku zote za kazi. Kila mmoja anamjua mwenzake anavyolala kuliko mke anavyomjua. Na wao hawana heshima yoyote kwa mwenzao aliyelala.

Sikuhitaji hata kuigiza. Niliweka kiti, Sista akashika tochi, na kila aliyekaa aliigizwa na wenzake wanne kabla sijafungua utepe. Mmoja aliigiza mpaka akapaliwa. Walibishana kuhusu kimya cha fulani kina urefu gani, wakasahihishana, wakashuhudia. Kihwele, na matambara yake ya kukagulia matairi begani, alikuwa anawapanga: "Njoo wewe. Usiogope, mimi nilipimwa na Mgogo na bado ninapumua." Wengi hawakuwa na tatizo. Baadhi tuliwaandikia waende mbele, na hakuna aliyeitwa jina, kwa sababu wa kwanza wao alikuwa amesimama pale akicheka. Tulirudi huko mara kadhaa mpaka tukawafikia wa zamu zote. Kama mtaniuliza kazi gani niliifurahia kuliko zote katika maisha yangu, ni ile ya kwenye mikeka.

Kihwele mwenyewe alipimwa, ikathibitika. Kabla hajapata mashine, Daktari alimwambia alale ubavu, aache pombe ya jioni, apunguze mwili. Mama Upendo alimshonea mfuko mgongoni mwa fulana akatia mpira wa tenisi, ili akigeuka chali auhisi. Kihwele alidai kwamba hakuna Mhehe katika historia aliyelala na mpira mgongoni, lakini aliuvaa. Baadaye akapata mashine ya kupuliza hewa, ile yenye bomba na kifuniko cha pua. Anaiita mkonga. Presha yake ikashuka bila kuongezewa dawa. Daktari alipoandika kwamba sasa anaweza kuendesha, Bwana Salehe alimpa basi lile lile. Na Mama Upendo aliniambia sokoni kwamba siku hizi kimya ni kimya kweli, anakisikia mpaka mwisho wake na hakuna kinachofuata.

Mwaka huu nimestaafu. Mliniandalia keki na kanga, nawashukuru, na Daktari alitoa hotuba fupi, jambo jema. Kihwele alikuja na mkewe. Alikunywa soda, akangoja kila mtu amalize kunisifu, kisha akaomba nafasi ya kusema. Alisema, "Bado mmoja."

Ni kweli. Amebaki dereva mmoja, Mzee Chigwile. Ni mkubwa kuliko wote pale yadini, shingo yake naiona hata kwa mbali, na mchana halali kwenye mkeka na wenzake. Hukaa ndani ya basi lake peke yake, vioo juu. Mkewe alifariki siku nyingi, kwa hiyo nyumbani pia hakuna anayemsikia. Hana shahidi hata mmoja duniani.

Na ni mkwe wangu. Yona, yule wa uji, amemwoa binti yake. Kwa kuwa wazazi hatukuwa nao, aliyekaa kwenye kiti cha mzazi siku ya posa na siku ya harusi ni mimi. Ninyi mnaotoka mikoa mingine huenda mnaona ni jambo jepesi. Kwetu mkwe hatazamwi shingo, haulizwi anavyolala, wala hafungui mdomo mbele yako na kutoa ulimi. Utani wangu haumfikii, ni Mgogo mwenzangu. Kuigiza nako nitamwigizaje mkwe?

Nimekwenda kwake. Alinipa kiti kizuri, akachinja kuku, akaniuliza habari za wajukuu, nikamjibu zote. Utepe ulikuwa kwenye mkoba, pamoja na kile kifaa cha kidoleni ambacho Daktari aliniazima, cha kuvaa mpaka asubuhi, kisichohitaji shahidi yeyote. Niliondoka navyo vyote viwili.

Kihwele alijaribu kunisaidia. Akamfuata Mzee Chigwile ndani ya basi, akamtania, akamwomba apimwe. Mzee hakukataa. Alimjibu, "Mwambie mkwe wangu aje aniambie yeye mwenyewe."

Kwa hiyo amejua. Amekwisha kujua, na anangoja nivuke mimi huo mpaka wa ukwe. Nimemwambia Kihwele kwamba nimestaafu, huenda mmoja wenu vijana angefaa zaidi. Alinitazama kama nilivyomtazama yeye siku ya kwanza alipotaja vumbi. Akasema, "Umestaafu kazi. Utani nani amekustaafisha?"

Maswali yote nayajua kwa kichwa, na kile kifaa nimekichaji, kipo mezani hapa ninapoandika. Neno la kumwanzia mkwe ndilo bado sijalipata. Na wiki hii Mzee Chigwile ana zamu ya asubuhi, basi limejaa makarani.